Figo ya Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa fundi wa mawe Kawangware. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nyumba za ghorofa za kupangisha ndiyo zilikuwa zinaanza kuchomoza katikati ya mabati huko mitaa ya 46 na Kongo, na kuta nyingi za nyumba hizo zilipita mikononi mwake. Yeye mwenyewe aliishi na mkewe na watoto katika chumba kimoja cha mbao, ng'ambo ya mtaro. Mimi, dada yake mdogo, nilikuwa mwalimu wa shule ndogo ya msingi Kibera, nikipanga chumba Kianda, karibu na shule. Nilikuwa nimemfuata mjini kutoka kwetu magharibi nilipomaliza kidato cha nne, nikalala sakafuni kwake muda mrefu kabla sijapata kazi. Kwa hivyo hata kabla sijaugua nilikuwa nimekula vingi vya nyumba ile.

Nilimwita Mkubwa. Yeye aliniita Mwalimu, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea. Mkewe nilimwita mulamwa, kama tunavyomwita mke wa ndugu kwetu.

Ugonjwa ulianza usoni. Nikawa naamka macho yamevimba, nikidhani ni moshi wa jiko la jirani. Kisha viatu vikakataa miguu, na mkojo ukawa na povu kama maji ya kufulia nguo. Siku moja nikiwa ubaoni niliishiwa na pumzi katikati ya sentensi, watoto wakabaki wananitazama wakingoja niimalize. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenipeleka hospitali kubwa mjini. Huko nikaambiwa figo zote mbili zimekwisha kazi. Daktari alidhani huenda zilianza kuharibika zamani, labda tangu koo lililokuwa likiniuma utotoni. Alisema kinga ya mwili hupigana na wadudu wa kooni, na mara nyingine katika kupigana huziumiza figo za mwenyewe. Sikulielewa jambo hilo wakati ule. Nililisikia tu kama habari kwamba nilijiumiza mwenyewe bila kujua.

Wakanikataza nyanya na ndizi, wakaanza kunisafisha damu kwa mashine. Ukitoka pale unahisi umekamuliwa kama nguo, na baada ya siku chache unarudi tena. Daktari aliyekuja kunitibu miaka yote iliyofuata alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alituita wote wa familia akatueleza kwamba njia ya kuishi ilikuwa kupata figo ya ndugu. Mama yetu alipimwa akaonekana ana presha. Mkubwa akapimwa. Damu yetu ilikuwa ya kundi moja, na walipozichunguza seli zetu kwa undani zaidi walikuta zinafanana nusu.

"Nusu inatosha," daktari alisema.

"Basi chukueni," Mkubwa akamwambia, kama mtu anayeombwa koleo.

Mulamwa hakuwako siku hiyo. Jumapili iliyofuata nilipelekwa Kawangware, na nikamkuta anachambua mboga mlangoni. Alinipa kiti, akanipa chai, na tulipokwisha kusalimiana akasema mbele ya mumewe, bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, mimi sina neno na wewe. Lakini huyu akibeba jiwe ndiyo sisi tunakula. Wakimkata, nani atabeba?"

"Wacha hayo," Mkubwa alimwambia.

"Siwachi. Nasema ukiwa hapa ndiyo usisikie baadaye nilisema nyuma yako. Na kama hiyo ingine ikiharibika? Watu huugua."

Mkubwa akaangalia kikombe chake. Mulamwa akanigeukia mimi, akangoja. Alikuwa na haki ya kujibiwa, na mimi ndiye niliyepaswa kumjibu. Ningeweza kusema tuache, nitaendelea na mashine mpaka Mungu apange. Sikusema. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilitaka kuishi. Nilikunywa chai yote ili mdomo wangu uwe na shughuli. Nikiondoka alinifungia mboga kwenye gazeti, na hilo lilinichoma kuliko maneno yake.

Tulipasuliwa asubuhi moja, yeye chumba kimoja, mimi kingine. Nilipozinduka nesi aliniambia figo ilianza kutoa mkojo nikiwa bado mezani. Siku ya tatu Mkubwa alikuja wodini kwangu akiwa amejikunja upande mmoja, blanketi la hospitali mabegani, akishika ubavu. Walikuwa wamempasua kiunoni na kumwondolea kipande cha ubavu ili waifikie figo.

"Inakojoa?" aliniuliza.

"Inakojoa."

Akacheka, halafu akasimama ghafla akafumba macho, kwa sababu kicheko kilivuta nyuzi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alidhani ni yeye mwenye hali mbaya, akaniuliza kama huyo mzee anapona. Hakuwa mzee. Alinipita miaka sita tu.

*

Dawa ya kuituliza kinga ya mwili ilikuwa ya maji, yenye mafuta na harufu nzito ya kitu kilichooza. Niliikoroga kwenye glasi ya maziwa asubuhi na jioni na kuinywa nikiwa nimeziba pua. Baada ya muda ikaanza kunibadilisha. Nywele laini nyeusi ziliota mashavuni na mikononi. Fizi zangu zikakua zikafunika meno nusu, nikawa nikicheka naweka kiganja mdomoni. Vidole vilitetemeka, na mistari yangu ubaoni ikawa kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Wanafunzi walinong'ona kwamba mwalimu ana ndevu. Nilinyoa kwa wembe kila Jumamosi, na sikulalamika, kwa sababu nilijua mtu mwingine alikuwa analipa zaidi yangu.

Mkubwa alirudi kwenye mjengo kabla ya wakati aliopewa na madaktari. Alinyanyua jiwe, na pale palipopasuliwa pakavimba. Msimamizi wake alikuwa mtu mwema. Alimpa kazi ya kuchanganya saruji, kisha ya kulinda vifaa, kisha mjengo ukaisha na mjengo uliofuata haukumwita. Mulamwa akaanza kufulia watu nguo huko Lavington, mtaa wa matajiri. Alitoka mapema na kurudi vidole vimechubuka kwa sabuni. Nilipokwenda kuwaona nilimkuta Mkubwa anamwogesha mtoto, akanitania kwamba sasa yeye ndiye mama wa nyumba. Mulamwa hakucheka, nami sikujua nitazame wapi.

Kisha, kabla ya mwaka kwisha, nilipata homa. Mkojo ukapungua. Nilijua kabla ya kuambiwa. Daktari alinilaza, akachukua vipimo, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Mwili wako umeanza kuikataa," alisema.

Nilimuuliza nimefanya nini. Nilikuwa nimekunywa dawa zote kwa wakati wake.

"Hujafanya kitu. Seli zako nyeupe zimefanya kazi yao."

Kwa kuwa alijua mimi ni mwalimu, hakuniacha hapo. Alichukua bahasha ya eksirei akachora duara kubwa kwa kalamu, na ndani yake duara dogo. Lile kubwa ni seli nyeupe, alisema, na lile dogo ni kiini chake. Seli hiyo hupita mwilini ikigusagusa kila kitu. Ikigusa seli ya figo ya kaka yako, inakuta alama isiyoijua. Habari inapokelewa nje, kwenye utando, lakini huko nje hakuna kinachoamuliwa. Mambo yanaamuliwa ndani. Kalsiamu hupanda ndani ya seli na kuamsha protini moja, akanitajia jina lake, kalsinurini. Hiyo kazi yake ni moja tu. Inaifuata protini nyingine iliyokaa imefungwa, inaitoa kifungo, na ile ikifunguliwa inaingia kwenye kiini na kuanzisha amri ya kutengeneza ishara ya kukua. Ishara hutolewa nje ya seli, kisha inaigusa seli ileile na wenzake, inaziambia zigawanyike. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, na hizo zote zinaijua figo ya kaka yako na zinaitafuta.

"Na dawa?"

"Dawa inaingia ndani ya seli, inashikamana na protini nyingine ndogo, halafu zikiwa pamoja zinaikalia hiyo kalsinurini isifanye kazi. Seli haifi. Inagusa, inaona, lakini amri haifiki." Akafunika kalamu. "Kwako wewe kipimo cha dawa kilikuwa kidogo. Zingine amri zimezifikia. Tutaongeza, na tutakupa nyingine ya mshipani."

Nilikuwa nimefundisha kinga ya mwili darasa la saba. Nilikuwa nimewaambia watoto kwamba ni askari wanaotulinda na maadui, wakaandika hivyo madaftarini nami nikawawekea alama ya vema. Nililala nikiitazama ile bahasha na sikuona askari wala adui. Niliona vitu vinavyofanya kazi bila kuniuliza.

Mkubwa alikuja kesho yake. Nilikuwa nimemwomba nesi asimwambie, lakini alishasikia.

"Ati unaikataa?"

"Si mimi. Daktari anasema ni seli."

"Seli za nani?"

"Zangu," nikasema.

Alivuta kiti akaketi polepole, akianza na upande mzima. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Akafikiri, halafu akaniambia bila utani wowote, "Si tulinyonya titi moja sisi. Mwambie daktari aziambie hizo seli sisi ni wa mama mmoja."

Nilimweleza kwamba kuwa wa mama mmoja hupunguza tofauti, hakuimalizi. Kwamba nusu yetu inafanana, na nusu ile nyingine ndiyo seli zinayoiona. Alisikiliza kama alivyosikiliza kila mara nilipozungumza mambo ya vitabu, kwa heshima na bila kuamini sana. Mwisho akauliza, "Kwa hivyo ikifa, inafia humo ndani?"

"Ndiyo."

"Na haiwezi kurudishwa kwangu."

"Haiwezi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kwa ubaya. Ni swali ambalo mtu yeyote angeuliza kuhusu kitu chake. Lakini nilikuwa nimekaa hapo mdomo wangu ukishukuru kila siku, na ndani ya damu yangu kulikuwa na kazi nyingine inaendelea, kazi ya kuangamiza kilekile ninachokishukuria. Najua mtu hahesabiwi dhambi ya seli zake. Nilijua hata wakati ule. Hilo halikunisaidia kumtazama usoni.

Dawa ya mshipani ilifanya kazi. Homa ikashuka, mkojo ukarudi, na ile ya kwenye maziwa ikaongezwa. Tukaishi hivyo miaka kadhaa. Mkubwa alijifunza kutengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, kazi ya kukaa chini na nyundo ndogo, akawa fundi mzuri huko pia, ingawa kila alipopita karibu na nyumba aliyoijenga niliona anaugusa ukuta kwa kiganja.

*

Karibu na mwisho wa muongo huo niliona doa kwenye muundi wa mguu wangu wa kushoto. Lilikuwa na rangi ya zambarau, kama la mtu aliyedondoshewa maji ya tunda. Haliumi, haliwashi. Likafuatwa na la pili, na la tatu kwenye nyayo, na yakaanza kuinuka kidogo juu ya ngozi.

Kibera ya wakati ule ilijua madoa hayo. Kwenye ploti yetu, safu ya vyumba vya kupanga, kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa ziwa, mjane, aliyekaanga samaki na kuuza njiani jioni. Alikuwa nayo shingoni na mikononi. Alikuwa amekonda kwa muda na watu walishaacha kumuuliza anaumwa nini. Walinunua samaki kwa wengine. Mimi niliendelea kununua kwake, ila nakumbuka nilivyokuwa natazama ile mikono ikinifungia.

Nilianza kuvaa soksi ndefu hata wakati wa jua. Nilipomwonyesha daktari aliinama akayagusa moja moja, akapima damu, pamoja na kipimo kile ambacho sote tulikiogopa. Majibu yalipokuja aliyasema haraka ili nisiteseke: sikuwa na virusi vya ukimwi. Lakini madoa yalikuwa yaleyale ya wenye ukimwi, aina ileile ya saratani.

"Yametoka wapi basi?"

"Kwenye dawa," alisema. Kisha akajirekebisha. "Kwenye kimya kilicholetwa na dawa."

Alinieleza kwamba kuna virusi vingine, ambavyo watu wengi wa upande wetu huwa navyo tangu utotoni bila kujua, vimelala. Seli nyeupe ndizo zinazovilaza. Kwa yule mwenye ukimwi seli hizo zimeuawa. Kwangu ziko hai, ila tumeifunga ile protini yao ya ndani kwa miaka, haziitikii. Virusi vikaamka vikaingia kwenye seli za mishipa midogo ya damu, na humo ndani vikashika ishara za kukua, zikawa zinawaka tu bila kuzimwa. Ndiyo hayo madoa: mishipa inayoota pasipohitajika.

Hakuchora mara hii. Alikuwa na uso wa mtu anayefika kwenye jambo asilolipenda. Njia ya kuyazuia, alisema, ilikuwa kupunguza dawa, ili seli nyeupe ziamke zifanye kazi yao. Lakini zikiamka zitayaona madoa, na zitaiona figo pia. Hakukuwa na namna ya kuziambia zione hiki na kile zikiache.

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?" nilimuuliza.

"Ningepunguza. Saratani ikifika kwenye mapafu, figo haitakusaidia. Lakini fikiri. Zungumza na kaka yako."

Sikumwendea siku hiyo wala wiki hiyo. Nilirudi Kianda nikakaa mlangoni nimevua soksi kwa uchovu, na yule mama wa samaki akapita na karai lake tupu. Alisimama. Akanitazama mguu, akaniangalia usoni, na nikaona kitu kama faraja kinamjia, kama mtu aliyekuwa peke yake njiani akasikia hatua nyuma yake.

"Mwalimu, hata wewe?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Ningempa nini? Uongo haukuwa na faida kwake wala kwangu. "Yangu yameletwa na dawa," nilimjibu. "Ile ya figo. Wanasema wakipunguza yatapotea."

Aliligeuza karai mikononi. "Basi una bahati," akasema. "Mshukuru Mungu." Alimaanisha hivyo, hakukuwa na kijembe. Akaenda kwake, akafunga mlango. Nilitamani kumwita arudi. Nilikuwa nimempokonya mwenzake wa njia mara tu alipompata. Na ukweli ni kwamba niliposema maneno yale, "yameletwa na dawa," nilijisikia nafuu; nikajisikia vibaya kwa ajili ya ile nafuu, na bado nafuu ikabaki.

Jumamosi moja nilikwenda Kawangware kwa miguu, nikiifuata Ngong Road mpaka Dagoretti Corner kisha nikiteremka, ili nipate muda wa kupanga maneno. Mkubwa alikuwa kwenye kibanda chake, sanduku jipya katikati ya miguu, anapiga kona za bati. Kulikuwa na mafundi wengine kando yake na kelele ya nyundo ilikuwa nyingi, ikabidi niseme karibu na sikio lake. Nilimweleza yote. Nilimwambia wakipunguza dawa huenda figo ikafa. Nilimwambia sitakubali bila ruhusa yake.

Aliweka nyundo chini.

"Ruhusa ya nini?"

"Ni yako."

"Si yangu." Alinitazama kana kwamba nimemwambia jambo la kitoto. "Ilitoka kwangu siku ile. Yangu ni hii imebaki. Hiyo ni yako, ukiiua umeua yako."

"Mkubwa, uliacha kazi ya mawe kwa ajili yake."

"Niliacha kwa ajili yako, si yake." Akaokota nyundo, akapiga mara mbili, akasimama tena. "Sasa kama unataka kufa ili kitu changu kiishi, hapo ndiyo utakuwa umenichezea. Nitaambia mama nini? Ati figo iko sawa?"

Nilicheka, na yeye akacheka, halafu nikalia. Mafundi wa kando wakaendelea na kazi kama watu wasioona. Aliniachia nilie, kisha akaniambia nipite nyumbani nile, mulamwa yuko. Nilimwambia nimechelewa. Sikuwa na ujasiri wa kulirudia jambo lilelile mbele ya mulamwa.

*

Dawa ilipunguzwa kidogo kidogo. Kila nilipokwenda kliniki walipima damu na mimi nilisoma uso wa daktari kabla ya karatasi. Kazi ya figo ilishuka, ikashuka tena. Madoa yalikaa vilevile kwa muda, kisha lile la nyayo likaanza kuwa bapa, rangi ikageuka ya kahawia, kama kidonda cha zamani. Nywele za mashavuni zikapungua. Niliona mwili wangu unarudi, na niliogopa kurudi kwake.

Mama wa samaki alifariki wakati wa mvua ndefu. Alikuwa ameacha kutoka nje, na mimi na mwanamke mwingine wa ploti tulikuwa tukimpelekea uji. Siku zake za mwisho niliketi naye nikimpaka mafuta mikononi. Madoa yake yalikuwa yameungana. Yangu, chini ya gauni, yalikuwa yanafifia. Hakuniuliza tena kuhusu miguu yangu, nami sikuthubutu kuitaja. Mara moja tu alinishika kidole akakitazama, akaniambia, "Mkono wako hautetemeki siku hizi." Nikasema ndiyo, hautetemeki. Ndugu zake walikuja wakamchukua kwenda kumzika kwao ziwani. Ploti nzima ilisimama barabarani gari likiondoka, hata wale walioacha kununua samaki wake, na mimi nilisimama miongoni mwao kwa miguu yangu miwili inayopona.

Baadaye daktari aliniambia figo imetulia. Ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nguvu zake lakini imesimama pale, na dawa kidogo iliyobaki ilielekea kutosha. Hakuweza kueleza kwa nini. Alisema wakati mwingine seli nyeupe na kiungo cha kigeni huzoeana, na kwamba hata wanaosoma mambo ya ndani ya seli maisha yao yote hawajaujua mpaka huo uko wapi. Nilipenda kwamba alikiri hivyo.

Nilikwenda kuwapa habari. Mkubwa alikuwa amepeleka masanduku kwa mteja. Mulamwa alikuwa peke yake ndani, anakata mboga ya sukuma. Nilimweleza kwa kifupi. Aliendelea kukata akisikiliza, majani yaliyokunjwa chini ya kidole, kisu kikienda upesi.

"Iko wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Hiyo figo. Yake waliitoa huku nyuma, najua, mimi ndiye nilikuwa nasafisha kidonda. Kwako waliweka wapi?"

Katika miaka yote ile hakuwa ameuliza, na mimi sikuwa nimemwambia. Nilimweleza kwamba hawaiweki nyuma. Wanaiweka mbele, chini ya tumbo, karibu na nyonga, na ukibonyeza unaisikia.

Aliweka kisu chini. Alijifuta mikono kwenye leso, upande wa ndani na wa nje, kama anayetaka kumpokea mtoto. "Naweza?" alisema.

Nikafungua kifungo cha sketi. Alichuchumaa mbele yangu, akaweka kiganja chake pale juu ya kovu. Kilikuwa baridi kwa maji ya mboga na kikavu kwa sabuni ya miaka mingi. Alibonyeza taratibu mpaka akaipata, akazungusha vidole kandokando yake kufuata umbo. Nilitazama juu ya kichwa chake, kwenye kalenda ya zamani iliyobandikwa ukutani, na nilijisikia kama mtu aliyekutwa na kitu cha wenyewe.

"Ni kubwa," alisema mwishoni. "Nilidhani ni kitu kidogo."

"Mulamwa, pole," nilisema. "Pole kwa kila kitu."

Alisimama akishika goti. Hakuniambia "si kitu", na nilimshukuru moyoni kwa kutosema hivyo. Alirudi kwenye stuli yake, akachukua kisu, akaniuliza kama nyanya bado wamenikataza, kwa sababu alitaka kujua aweke ngapi kwenye sufuria.